Akaunti ya pili: kutenga chumba cha kazi ndani ya kompyuta na simu yako

Neno lilikuwa "usitafune". Lilikuwa kwenye kipeperushi cha dawa, vidonge vya aina inayoachia dawa polepole mwilini, ambavyo mgonjwa anatakiwa avimeze vizima. Nilikuwa mezani kwangu Dar es Salaam natafsiri ukurasa wa pili, simu ikamulika pembeni: kamati ya harusi ya binamu yangu inajadili rangi ya sare. Nikatazama, nikajibu neno moja, nikarudi kazini. Kwenye tafsiri niliyoipeleka palisomeka "tafuna". Mhakiki aliliona kosa kabla halijaenda kuchapwa, akanipigia. Hakunigombeza. Alinisomea sentensi ile taratibu, mara mbili.

Kwa Kiswahili, onyo zima linaweza kubebwa na silabi mbili za mwanzo wa kitenzi. Zikidondoka hizo, sentensi inabaki nzuri, sarufi haina kasoro, na inamwambia mgonjwa afanye kinyume cha anachotakiwa kufanya. Baada ya simu ile niliacha kujiahidi kwamba kesho nitajizuia. Niliipanga upya mashine yenyewe, ili ninapokaa kufanya kazi kusiwe na cha kujizuia nacho.

Mwongozo huu ni kwa anayeandika, anayehariri, anayetafsiri, anayefunga hesabu au anayesomea mtihani kwa kutumia kompyuta yake, na ambaye simu yake ndiyo pia pochi yake, ofisi yake na ukumbi wa ukoo wake. Sitakuambia ufute WhatsApp. Kazi zangu nyingi huingilia hukohuko, na taarifa za misiba pia.

Kwanza, siku mbili za kuhesabu

Usiguse mipangilio yoyote bado. Chukua karatasi, igawe safu mbili. Juu ya moja andika "nimeitwa", juu ya nyingine "nimejiendea". Kila unapoiacha kazi, piga mstari panapohusika. Simu ikilia au arifa ikitokea ukaifuata, umeitwa. Ukijikuta uko kwenye ukurasa wa michezo na hakuna aliyekuita, umejiendea.

Nilidhani safu ya kwanza ndiyo ingejaa. Ya pili ilikuwa ndefu zaidi, na hilo lilinishtua. Baadaye nilikuta kwamba siko peke yangu. Gloria Mark, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, amefuatilia wafanyakazi wakiwa kwenye kompyuta zao kwa miaka mingi, na amekuta kwamba watu hujikatiza wenyewe karibu sawa na wanavyokatizwa na wengine. Mwaka 2004 vipimo vyake vilionyesha mtu hukaa kwenye skrini moja wastani wa dakika 2 na nusu kabla ya kuhamia nyingine. Vipimo vya miaka ya karibuni vimeshuka hadi kama sekunde 47.

Kuna utafiti mwingine unaoeleza kwa nini kutupia jicho tu kunagharimu. Mwaka 2009 Sophie Leroy aliandika kuhusu alichokiita mabaki ya umakini: ukihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya akili yako hubaki kule ulikotoka, hasa kama jambo la kule halijaisha. Na mjadala wa sare za harusi hauishi. Nilirudi kwenye kipeperushi mkono ukiwa kwenye kibodi na kichwa kikiwa bado kinachagua kati ya zambarau na kijani.

Itunze karatasi yako. Safu ya "nimeitwa" ikiwa ndefu, tumia nguvu zako kwenye hatua ya simu. Safu ya "nimejiendea" ikiwa ndefu, akaunti ya pili na kivinjari ndivyo vitakavyokusaidia.

Hatua ya 1: fungua akaunti ya pili kwenye kompyuta

Hii ndiyo hatua kubwa. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu wiki hii, fanya hili.

Kompyuta nyingi za nyumbani zina akaunti moja. Humo mna picha za watoto, filamu, nywila za mitandao ya kijamii zilizohifadhiwa, na ripoti ya mteja. Ni kama kupikia, kulala na kupokea wageni katika chumba kimoja; inawezekana, lakini kila kitu kinanukia kila kitu. Windows, Mac na Linux zote zinakuruhusu kujenga ukuta bila kulipa senti.

Kwenye Windows 10 au 11, fungua Mipangilio, ingia sehemu ya akaunti, kisha watumiaji wengine, kisha uongeze mtumiaji. Windows itakuomba barua pepe ya Microsoft. Chagua mstari unaosema huna taarifa za kuingilia za mtu huyo, halafu mstari wa kuongeza mtumiaji asiye na akaunti ya Microsoft. Mpe jina la wazi: KAZI. Akaunti mpya huzaliwa ikiwa ya mtumiaji wa kawaida, si ya msimamizi. Iache hivyohivyo. Maana yake ni kwamba ukishikwa na hamu ya kusakinisha mchezo saa tano asubuhi, kompyuta mara nyingi itakudai nywila ya msimamizi. Nywila hiyo ifanye ndefu, iandike kwenye karatasi, na uiweke karatasi chumba kingine. Zipo programu zinazojisakinisha bila ruhusa ya msimamizi, kwa hiyo usiichukulie akaunti hii kama gereza. Ni mlango wenye komeo, na mara nyingi komeo linatosha kumkumbusha mtu alikuwa anakwenda wapi.

Kwenye Mac, njia ni ileile kupitia sehemu ya watumiaji na vikundi. Kwenye Linux, wanaoitumia wanaijua njia.

Sasa ingia kwenye akaunti ya KAZI. Utakachokiona ni kivinjari kisichokujua: hakina nywila yako hata moja, hakina historia, hakina kurasa ulizoziweka alama. Huu ndio utajiri wa hatua hii, na ndipo wengi wanapouharibu dakika ya kwanza kwa kuingiza akaunti yao ya Google na kukubali kusawazisha (sync) kila kitu. Usisawazishe. Ingia kwenye barua pepe ya kazi tu. Siku utakapoandika anwani ya mtandao wa kijamii kwa mazoea ya vidole, utakutana na ukurasa wa kuingilia unaodai nywila. Sekunde tano hizo za kuitafuta nywila zinatosha akili kurudi. Mimi bado hunitokea, na karibu kila mara nafunga ukurasa bila hata kuumia.

Mafaili ya akaunti moja hayaonekani kwenye nyingine. Unachohitaji pande zote mbili kiweke kwenye folda ya pamoja ya Windows, ile iliyoko ndani ya folda ya watumiaji kwenye diski C, au kwenye flashi. Jambo moja la kiufundi kwa wenye kompyuta ya RAM ya GB 4 kama niliyoanza nayo: usibadilishe akaunti huku ya nyumbani imebaki wazi nyuma. Toka kabisa. La sivyo programu zake zitaendelea kula kumbukumbu, na kompyuta nzito ni kishawishi chenyewe, kwa sababu ukisubiri faili lifunguke mkono unatafuta simu.

Kama kompyuta ni ya mwajiri na huruhusiwi kuongeza mtumiaji, tengeneza wasifu wa pili ndani ya kivinjari. Chrome na Firefox zote zinaruhusu. Ukuta utakuwa mwembamba zaidi, lakini nywila na historia zitatengana.

Hatua ya 2: safisha meza

Hapa ni kazi ya nusu saa. Mandhari ya akaunti ya KAZI iwe rangi moja tu. Yangu ni kijivu. Picha ya familia iache kwenye akaunti ya nyumbani, ili jicho lijue papo hapo uko chumba gani. Kwenye skrini bakiza folda moja, iitwe LEO, na ndani yake uweke mafaili ya siku hiyo peke yake. Kwenye upau wa chini ondoa kila alama usiyoigusa kila siku.

Arifa za Windows zizime zote kupitia Mipangilio, sehemu ya mfumo, kisha arifa. Zote. Ukigundua baada ya wiki kwamba kuna moja unaihitaji, irudishe hiyo moja. Wengi huanza kwa kuzima moja moja na kujadiliana na kila programu, na huishia kuziacha nusu zikiwa hai.

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda kwenye orodha ya programu zinazoanza pamoja na kompyuta, uzizime zile za kuchati na za muziki. Kama unatumia intaneti ya simu, kuna jambo la ziada: kwenye mipangilio ya mtandao uliounganishwa, iambie Windows kwamba mtandao huo una kipimo (metered). Itaacha kupakua masasisho makubwa na kumaliza bando lako katikati ya kazi. Lakini tenga siku, kwangu ni Jumamosi, ya kupakua masasisho hayo kwa makusudi. Ni kinga ya kompyuta yako na ya mafaili ya wateja wako.

Kwa kuandika, tumia skrini nzima. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, ukibonyeza Ctrl+Shift+J inaficha vitufe vyote, inabaki karatasi. (LibreOffice ni mrithi wa OpenOffice, ile ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitolea toleo la Kiswahili mwaka 2004, wakaliita Jambo OpenOffice. Naikumbuka kazi ile kwa heshima kila ninapofungua programu hii.) Anayetaka utulivu zaidi ajaribu FocusWriter, programu ya bure ambayo haina kingine ila ukurasa na maneno yako.

Hatua ya 3: kivinjari chenye mwisho

Mwaka 2006 Aza Raskin alibuni ukurasa usiokwisha, ule ambao ukishuka chini unajiongeza wenyewe. Baadaye alijutia hadharani namna ulivyotumika. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, gazeti lina mgongo, hata baraza ya kahawa hufika wakati watu wakaondoka. Ukurasa ule hauna mahali pa kukuambia inatosha. Ndiyo maana sipendekezi kuutegemea utashi wako mbele yake, na naweka kizuizi.

Kiendelezi ninachokitumia, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, kinaitwa LeechBlock NG. Ni cha bure, na kipo kwa Firefox na Chrome. Unakipa orodha ya tovuti na saa za kuzifunga. Angalia saa zako hapo: kiendelezi hakisomi saa za Kiswahili. Saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana kwenye kisanduku chake huandikwa 0900-1200. Rafiki yangu mmoja aliandika 0300-0600 na kwa wiki nzima tovuti zake zikawa zinafungwa alfajiri akiwa amelala.

Kisha ufanye ukurasa wa kichupo kipya uwe mtupu. Vivinjari vingi hukuwekea habari hapo bila kuulizwa, na kichwa cha habari kimoja chenye kuumiza moyo kinatosha kuimaliza asubuhi. Kwenye Firefox ni suala la kuchagua ukurasa mtupu katika mipangilio; kwenye vingine, zima habari kwa kubonyeza gurudumu la mipangilio lililo kwenye ukurasa huohuo.

Sasa lile ambalo limenisaidia kuliko viendelezi vyote: fanya kazi bila intaneti kwa vipande vya muda. Wenye bando la kuhesabu tuna bahati hapa, kwa sababu kuzima data ni jambo tulilolizoea. Tatizo la mtafsiri, na la mwandishi yeyote, ni kwamba anakutana na neno asilolijua, anafungua kivinjari kulitafuta, na nusu saa baadaye anasoma kuhusu uchaguzi wa nchi ya mbali. Dawa yake ni alama. Ninapofika kwenye neno gumu naandika @@ na kukisia, kisha naendelea. Mwisho wa kipande nawasha intaneti, nabonyeza Ctrl+F, naandika @@, na nayatafuta maneno yote kwa mkupuo. Kati ya maneno kumi, matatu au manne huwa yamejijibu yenyewe kutokana na sentensi zilizofuata.

Kwa marejeo ya msingi, pakua yanayopakulika. Programu ya Kiwix hukuwezesha kuwa na Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya kompyuta, ukaisoma data ikiwa imezimwa. Kamusi zako za PDF ziweke kwenye folda moja. Yote haya yafanye kwenye akaunti ya KAZI.

Hatua ya 4: simu, na watu walio ndani yake

Mwaka 2017 Adrian Ward wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin na wenzake waliwapa watu majaribio ya kumbukumbu na ya kufikiri. Wengine waliweka simu juu ya meza, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine chumba kingine. Simu zote zilikuwa kimya. Walioziacha chumba kingine walifanya vizuri kuliko walioziweka mezani. Watafiti waliorudia majaribio ya namna hii hawakupata wote matokeo yaleyale, kwa hiyo sitaapa juu yake. Ninachoweza kuapia ni kwamba simu iliyoko kabatini chumba cha pili siipokei kwa bahati mbaya.

Lakini hapa kwetu kuiweka simu mbali si jambo dogo, na nakuomba tulitazame kwa heshima linayostahili. Mama anaweza kuzidiwa. Shule inaweza kupiga. Mtu asiyepatikana siku ya msiba hukumbukwa kwa hilo miaka mingi. Miongozo mingi inapita haraka kwenye hofu hii, na ndiyo maana haifuatwi. Hofu ni ya kweli. Inahitaji njia yake.

Njia yenyewe ni kutenganisha kupigiwa na kuandikiwa. Anayekupigia ana haraka. Anayekuandikia anaweza kusubiri hadi saa sita mchana. Lisimamishe hilo kwa mpangilio huu.

Tafuta kitochi, simu ndogo ya vitufe. Weka humo laini ambayo ndugu huipiga, na ambayo ina huduma yako ya pesa, maana huduma hizo hufanya kazi kwenye kitochi kwa namba za nyota na reli kama zamani. Usihofu kuhusu WhatsApp: itaendelea kufanya kazi kwenye simu janja kwa waifai au kwa laini nyingine hata laini iliyoisajili ikihamia kwenye kitochi, mradi usiisajili upya kwingine. Kitochi kinakaa mezani. Simu janja inakaa chumba kingine. Mtu akipiga, unamsikia. Kamati ikijadili sare, husikii.

Kama hutaki kuhamisha laini, hamisha simu. Kwenye simu janja piga nyota mbili, 21, nyota, kisha namba ya kitochi na reli, na kila anayekupigia ataelekezwa huko. Kuondoa, piga ##21#. Simu iliyohamishwa inaweza kukatwa salio lako, kwa hiyo uliza bei ya mtandao wako kwanza.

Na kama huna kitochi, tumia hali ya Usinisumbue iliyomo kwenye simu. Ruhusu wale uliowawekea nyota tu, watu watano au sita, na uruhusu wanaorudia kupiga: Android humpitisha mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, iPhone ndani ya dakika 3. Waeleze nyumbani kwamba ikiwa ni jambo zito, wapige mara mbili mfululizo.

Kisha magrupu. Yapitie yote siku moja ukiwa na chai. Kila grupu lisilo la kazi linyamazishe, na chaguo liwe la daima, wala si la muda wa saa 8. Yale yenye watu wengi yapeleke kwenye kumbukumbu za WhatsApp (Archive). Siku hizi soga ikishawekwa huko hairudi juu kila ujumbe unapoingia. Mtu akikutaja au akijibu ujumbe wako, bado inaweza kukuita, na hilo ni sawa. Kwenye kompyuta, WhatsApp usiiunganishe na akaunti ya KAZI. Kama mteja hutuma mafaili kwa njia hiyo, iunganishe kwenye akaunti ya nyumbani na uyapitishe kwenye folda ya pamoja. Ni usumbufu, naujua. Umenipunguzia kufungua WhatsApp kutoka mara zisizohesabika hadi mara tatu kwa siku.

Ukishapanga mashine, sema na watu. Hapa ndipo mpango huu unaposhika au kuvunjika. Kwa wateja, andika ujumbe mmoja mfupi na uutumie kila kazi mpya inapoanza:

"Habari za kazi. Nasoma ujumbe saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Kukiwa na jambo lisiloweza kusubiri, tafadhali nipigie kwa simu ya kawaida."

Sijawahi kumpoteza mteja kwa ujumbe huo. Wengine wameuiga.

Kwa wazazi na wakubwa, usitume ujumbe kabisa. Piga, uamkie, ueleze kwa mdomo. Nilimwambia mama: "Shikamoo mama. Asubuhi nikiwa kazini simu yangu kubwa naiweka mbali. Ukinihitaji nipigie kwa namba hii, nitapokea hapohapo." Alichokisikia ni kwamba nimemtengea namba. Kama ningemwandikia kwamba nimezima simu asubuhi, angesikia jambo jingine. Kwa katibu wa kikoba na mwenyekiti wa kamati, uungwana ni kuwaambia mapema: "Dada katibu, mchango wangu nitautuma Ijumaa jioni kama kawaida, ila asubuhi msinione kimya mkadhani nimewasusa." Kaka yangu aliyeko Muscat hupiga kwa WhatsApp pekee. Tumekubaliana ni baada ya saa kumi na moja jioni ya huku, na mazungumzo yetu yamekuwa marefu na mazuri zaidi kwa sababu sasa namsikiliza.

Hatua ya 5: vipande vya muda

Francesco Cirillo, Muitaliano, mwishoni mwa miaka ya 1980 alisoma kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, dakika 25 za kazi na mapumziko mafupi. Mbinu hiyo imeenea duniani kwa jina la nyanya kwa Kiitaliano, Pomodoro. Kwa kujibu barua pepe au kupanga risiti, dakika 25 zinafaa sana. Kwa tafsiri naona ni chache, maana dakika kumi za kwanza naingia tu ndani ya sauti ya mwandishi. Mimi hukaa dakika 50, kisha 10 za kusimama. Jaribu zote mbili kwa wiki moja moja uchague.

Kipima muda kisiwe simu janja. Kengele ya kitochi inatosha, au saa ya jikoni. Kabla ya kuanza kipande cha kwanza, angalia salio la LUKU, jaza chaji, weka maji mezani. Umeme ukikatika katikati, unataka kompyuta iwe na chaji na faili liwe limehifadhiwa: kwenye LibreOffice weka uhifadhi wa kujiokoa kila baada ya dakika 5, na vidole vyako vizoee Ctrl+S mwisho wa kila aya.

Kando ya kibodi weka karatasi ya mawazo yaliyopotea njia. "Ada ya mtoto." "Jina la yule fundi." Wazo likija liandike, usilifuate. Saa sita mchana unaingia akaunti ya nyumbani na karatasi yako, unayamaliza yote kwa dakika ishirini.

Wiki ya kwanza

Tarajia uzito. Siku ya kwanza na ya pili nilikuwa nasimama kila baada ya muda kwenda kuiangalia simu chumbani, nikiwa na hakika kuna jambo kubwa limetokea. Halikuwa limetokea. Siku ya nne nilifika mwisho wa kipande bila kujua kengele imelia. Usiongeze saa haraka. Anza na kipande kimoja kwa siku, asubuhi, kabla ya kufungua ujumbe wowote, na siku nyingine yote iendelee kama ilivyokuwa. Vipande viwili viongeze wiki ya pili. Ukifika vitatu vya dakika 50 kwa siku unafanya kazi nyingi sana ya kina, na sioni haja ya kutafuta cha nne.

Kama nyumba ina watoto, wafundishe alama moja. Kwetu ni kanga iliyoning'inizwa kwenye kitasa. Ikiwapo, mtu anabisha kwa sababu ya damu au moto. Ikitolewa, mlango uko wazi, nao hukimbia kuitoa wenyewe kengele ikilia.

Rudia hesabu ya safu mbili baada ya wiki tatu, kwenye karatasi mpya. Utaona wapi ukuta umepasuka. Mimi nilikuta nimejiunganishia barua pepe binafsi kwenye akaunti ya KAZI "kwa siku moja tu" na haikutoka. Niliiondoa.

Kufunga siku

Kabla ya kutoka kwenye akaunti, hamisha yaliyokwisha kutoka folda ya LEO, nakili kazi kwenye flashi, na uandike kwa mkono sentensi ya kwanza ya kesho: ukurasa, aya, na neno lililokusimamisha. Asubuhi hutahitaji kutafuta pa kuanzia, na muda wa kutafuta pa kuanzia ndio ambao mkono huifuata simu.

Kwa watafsiri wenzangu naongeza jambo moja, ambalo nimelifanya kila kazi tangu kipeperushi kile. Kipande cha mwisho cha siku nakitumia kwa makanusho peke yake. Nafungua matini ya asili upande mmoja na tafsiri upande mwingine, nahesabu kila katazo la asili, kisha kwenye tafsiri nabonyeza Ctrl+F na kuandika "usi", halafu "msi", halafu "si", halafu "ha". Namba zisipolingana, sitoki mezani.